Siku Ngoma Ndogo Ilipotakiwa Kunyamaza

Enzi zetu kule Chiola, mtoto hakupewa ngoma kwa kuwa ameililia. Alianza kwa kubeba mabua ya mtama, akayawasha, akaipasha ngozi ya ngoma mpaka ikaze, tumbo limejaa ming'oko, vile viazi vya porini, na miguu imejaa vumbi. Ukiisogeza mno motoni ngozi inapasuka, na wewe unachapwa. Ninyi wa rika langu mnajua sisemi uongo.

Haya yamenirudia juzi, hapa Nachingwea. Mjukuu wangu Zuhura anatengeneza muziki kwa kimashine cha vitufe, kila kitufe na mlio wake. Ngoma ilikuwa inalia vizuri, nami nikabonyeza kitufe chake ili ilie zaidi. Kimya! Ngoma ikapotea.

"Nimekuulia mashine yako," nikamwambia.

"Hujaiua, babu. Ipo kwenye kunyamazisha. Vitufe ni vile vile, kazi ndiyo imebadilika." Akabonyeza kitufe cha pembeni, akairudisha kwenye kupiga. Nikajaribu tena, ikalia. "Leo babu umepatikana!"

Nimepatikana wapi! Mimi darasa la tatu niliacha mwenyewe, nyumba ya bati nikajijengea kwa korosho zangu, lakini jambo hilo nililifundishwa kabla sijaota ndevu.

Mkuu wa ngoma alikuwa mjomba Saidi. Yeye kwenye ngoma kubwa, mtoto mmoja kwenye ndogo. Akiinua kiwiko, mikono ile ile iliyokuwa inapiga inageuka ya kuziba: unalaza viganja juu ya ngozi ili kinamama wanaoimba wasikike. Akigonga ukingo wa ngoma yake, unarudi kupiga. Asiyeona kiwiko aliondolewa mbele ya watu wote.

Siku kaka yangu alipotoka jando, nilitaka nipige mimi, si mwingine. Mjomba akamkalisha Nassoro, binamu yangu. Kiwiko kikapanda, Nassoro kafumba macho kwa utamu, anadunda tu.

"Toka! Umekuja kutwanga mtama?"

Kinamama wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikaitwa mimi.

Sikumtazama mchezaji hata mmoja. Macho kwenye kiwiko. Kilipopanda nikalaza viganja, na sauti ya mama yangu ikatoka peke yake, inamwita mwanawe arudi nyumbani. Uwanja mzima ukatulia. Mjomba akagonga ukingo, nikapiga, na hakuna aliyeniondoa mpaka jua likazama.

Wimbo wa Zuhura ni mzuri, na sisemi hivyo kwa kuwa ni damu yangu. Ila vijana hawa! Kila mmoja kaziba masikio kwa spika zake ndogo, kichwa kinapanda na kushuka kama mjusi ukutani. Anainyamazisha ngoma, anaiamsha, yuko peke yake chumbani na raha anayo. Sawa. Lakini sisi, ngoma iliponyamaza, palikuwa na mtu wa kusikilizwa.