Mawe Yangu Yaliyopakwa Chokaa

Nimekusanya mawe kwa miaka kumi na tisa, na muda huo wote sijaona mtu hapa Kanyakine anayejua kutazama jiwe. Wanauliza swali moja tu: "Mwalimu, hiyo iko na dhahabu?" Ukisema haina, wanakuangalia kama mtu aliyekosa kazi.

Kila jiwe nililibandikia karatasi yenye namba, na daftarini nikaandika mahali lilipotoka. Jiwe lisilo na namba ni kokoto. Nilikuwa na la shaba lenye madoa ya kijani, la ulanga linalobanduka magamba kama kitunguu, na namba saba, jiwe jeusi lenye punje nyekundu, ambalo baba aliliokota Gachoka akanitia mkononi mwezi mmoja kabla hajafariki. Hilo nisingelitoa hata kwa shamba.

Binti yetu alipopata mchumba, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuja kutusaidia kutayarisha boma kabla ya wageni wa posa. Ni fundi wa rangi, na fundi wa rangi akiona kitu hakijapakwa hakosi kuwashwa mikono. Nilirudi kutoka shuleni nikakuta kibaraza nilikoyapanga mawe ni kitupu. Alikuwa ameyaloweka mawe yangu kwenye beseni la sabuni, akayasugua kwa waya wa sufuria, akayapaka chokaa na kuyapanga kando ya njia kuanzia getini, kama ofisi ya chifu.

"Si umeona vile boma imekuwa smart?" akaniambia. "Hizo mawe zilikuwa zinakaa tu hapo na makaratasi chafu. Wageni wangesema nini?"

Mjinga wa mwisho! Nilimwambia hivyo, na mengine ambayo mke wangu alinitaka nimwombe radhi kwayo. Sikuomba. Wageni wakaja, wakaisifu njia, nami nikanuna hadi walipoondoka.

Kesho yake nikachukua brashi na maji. La shaba lilijulikana mara moja, la ulanga pia. Lakini meusi yenye punje nyekundu yalikuwa mawili, kwani jingine nililiokota mwenyewe kando ya mfereji kule Mitunguu. Nikayapima mikononi, nikayageuza juani, nikafungua daftari. Namba saba, Gachoka, baba; lakini karatasi zilikuwa zimebanduka kwenye beseni, na sikujua lipi ni lipi. Nikakaa kwenye ngazi na mawe mawili mapajani, mimi mjuzi wa mawe. Miaka yote ile nilikuwa nasoma karatasi tu.