Unga Uliomkataa Werema

Mjini Migori, miaka ile ya tisini, wateja wa bekari ya Mama Asiya waliutambua mkate wa Werema kwa kuushika tu. Alitoka kijijini kwao Ntimaru akiwa kijana, akaajiriwa kubeba magunia, na baada ya miaka kumi na miwili akawa mwokaji mkuu. Kuchekecha, kukanda, kukata, yote yalipita mkononi mwake.

Ugonjwa ulianza kama mzaha. Akifungua gunia macho yalimwasha, akapiga chafya mfululizo. Kikaja kikohozi. Mwaka wa tisini na tano kifua kikaanza kulia kama filimbi, na njia fupi ya kurudi nyumbani ikawa ya kusimama mara tatu. Mkewe, Bhoke, alidhani ni baridi ya alfajiri, akamchemshia tangawizi. Mama yake kule Ntimaru alisema bila kuficha kwamba mwanawe ameonewa kijicho.

Mwaka huohuo baba yake mdogo akafariki. Werema alienda matangani, akakaa wiki mbili. Siku ya nne alilala usingizi mzito bila kukohoa, siku ya kumi akashika jembe na kulima hadi jua kali. Mama yake akamshukuru mganga aliyekuwa amemwita kuondoa kijicho. Werema naye akaamini amepona.

Aliporudi bekari, asubuhi ya kwanza alimimina unga kwenye karai. Hata maji hajatia, alikuwa ameketi sakafuni, mdomo wazi, pumzi haipatikani. Mama Asiya akaita gari, Werema akapelekwa hospitali moja Homa Bay, akawekewa oksijeni.

Daktari aliyemwona alimwuliza zaidi habari za kazi kuliko za ugonjwa.

"Mzee, ukiwa kwenu unapumua vizuri?"

"Napumua."

"Basi hakuna aliyekuroga. Ni unga. Umeuvuta miaka mingi, sasa mwili umeukataa."

"Nipe dawa ya kurudi kazini, daktari."

"Za kutuliza kifua nitakupa. Lakini ya kukurudisha kwenye unga, hiyo sina."

Alirudi hivyo hivyo, kwani kazi nyingine hakuijua. Alijifunga kitambaa puani, unga ukapenya. Mama Asiya akamhamishia kwenye dirisha la kuuzia, lakini nyumba ilikuwa moja na vumbi jeupe lilitua hata juu ya kikombe chake cha chai. Alianguka tena mara mbili. Mara ya pili Mama Asiya alimkalisha nje, akasema kwa sauti ndogo, "Werema, sitaki kukuzika mimi. Nenda nyumbani."

Werema aliinuka. Alikung'uta aproni, akaitundika, akaondoka.

Ntimaru kifua kilitulia, ila hakikurudi kilivyokuwa. Moshi wa jikoni ulikibana, vumbi likakibana. Bhoke alichekecha unga wa ugali nyuma ya nyumba, upande ambao upepo haumfikii mumewe, na hata hivyo siku nyingine alimkuta ameinama, akishika magoti. Werema alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Kila msimu wa kupura mahindi ulipofika, majirani wakikusanyika uani na fimbo zao, Werema alichukua kigoda chake akashuka hadi kijitoni, mbali na vumbi, akaketi peke yake akisikiliza wanavyopura na kucheka, akingoja wamalize.