Glavu za Mwezi wa Saba

Kila asubuhi, saa kumi na mbili kamili, Chepngetich alipiga simu ya video kutoka Ujerumani, na kila asubuhi alikuwa amevaa glavu. Zilikuwa za sufu, za kijivu, na hakuzivua hata akishika kikombe.

"Kuna baridi, mami," alisema mara ya kwanza mama yake alipouliza, na Rebeccah akaridhika. Huku Kapkatet nako umande ulikuwa unauma, na yeye alikuwa mlangoni na kikapu mgongoni, akisubiri kupambazuke aingie kwenye chai.

Binti alikuwa amekwenda kwa miezi mitatu. Alipata nafasi ya mafunzo katika taasisi ya utafiti wa sera za fedha, na kanisani walimwombea wote wakiwa wamesimama. Kazi yake, alieleza, ilikuwa kusoma jinsi nchi mbalimbali zinavyowakopesha wakulima wadogo, kisha kuwaandikia wakubwa kurasa mbili za ushauri. Rebeccah aliisimulia habari hiyo kila mahali, hadi Jumapili moja shemeji yake Alfayo alipofungua hali ya hewa kwenye simu mpya aliyotaka ionekane.

"Huko kwa Chepngetich leo ni digrii thelathini. Wanaungua!"

Rebeccah aliendelea kumimina chai. Lakini tangu siku hiyo hakuna kilichompita. Saa kumi na mbili ya Kapkatet ni saa kumi na moja ya kule. Ni ofisi gani ya wasomi inayofunguliwa alfajiri? Mbona nyuma ya mtoto ni ukuta mtupu kila siku? Na mbona akiulizwa meza yake iko upande gani, anauliza habari za ng'ombe?

Huenda angenyamaza hivyo hadi binti arudi, kama jirani yake Phyllis hangekuja.

"Mama Chepngetich, Gitonga amekubali kukodi shamba langu la chai miaka minne. Kwa pesa hizo tiketi ya mwanangu Kipruto imepatikana! Anaenda taasisi ile ile ya binti yenu."

"Na atakula nini?"

"Si wenu anakula? Atajitafutia huko huko. Nangojea tu neno lako. Natia sahihi kesho saa tatu."

"Pitia hapa asubuhi kwanza."

Phyllis akacheka. "Ama mnataka Ulaya iwe yenu peke yenu?"

Asubuhi simu ililia saa kumi na mbili kamili. Rebeccah hakungoja salamu.

"Toa glavu."

"Mami, baridi ya huku..."

"Digrii thelathini, Chepngetich. Toa."

Alizitoa polepole, kidole kwa kidole. Rebeccah aliileta simu karibu na macho. Kucha ya kidole gumba ilikuwa imelika, na ngozi ya kidole cha pili ilikuwa na mpasuko mdogo upande wa ndani, wekundu mweusi umejaa ndani yake. Rangi ilikuwa ngeni kwake, lakini mahali pale alipajua. Yeye mwenyewe alikuwa na mpasuko huo kwa miaka ishirini na miwili, na hakuna sabuni wala limau lililowahi kuutoa weusi wake. Kalamu haimkati mtu hapo.

Nje, lango lilifunguka. Phyllis alikuwa anapanda njia na gauni lake la kanisani, bahasha kwapani.

Rebeccah aliyaacha maswali yote aliyokuwa ameyaweka, akauliza moja.

"Unachuma nini huko?"

Chepngetich aliitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Stroberi, mami. Kutoka saa kumi na moja na nusu mpaka saa mbili, halafu naoga naenda ofisini. Ofisi ni ya kweli, na kazi yake naipenda, lakini hawanilipi hata ya chakula. Kipruto aliniuliza kama wanalipa, nikaona aibu kumwambia."