Skrini Inasema Mita Moja

Jamani, nani anaelewa vifaa vya kupima kina cha maji? Jibuni haraka, naandika nikiwa katikati ya Ziwa Basotu.

Leo nimemaliza kubadilisha umeme kwenye boti ya Mzee Shabani, mfanyabiashara wa Katesh. Ni boti kuukuu ya wakati wa Mwingereza, ina hadi chumba cha kulala. Nimefunga waya mpya, betri mpya, taa, na kipima kina chenye skrini.

Tukatoka kujaribu. Tukatia nanga.

Skrini ikasema mita sita. Safi!

Mara ikasema mita moja.

Na boti haijasogea hata kidogo!

Nikakaza waya. Nikabadilisha fyuzi. Nikazima, nikawasha.

Mita moja.

Mzee ananiangalia tu. "Kijana, si nilikuambia uziache waya za Mwingereza? Zile zilikuwa hazisemi uongo."

"Samahani mzee, nivumilie kidogo."

Jasho linanitoka. Nikaanza kung'oa mbao za sakafu nitafute shoti.

Ndipo maji yakapasuka pembeni yetu. Puuuh! Kiboko! Akatutazama, akaogelea zake mpaka kwenye matete.

Mzee akacheka mpaka akakaa chini. Na mimi nikacheka. Kumbe mashine ni nzima, ilikuwa inampima kiboko!

Nikageukia skrini.

Mita moja.

Kiboko namwona kule kwenye matete, masikio yanacheza. Mzee ameacha kucheka. Ananinong'oneza nisiguse injini.

Sasa niambieni, huyu wa chini yetu ni nani?