Kompyuta Yangu Ilimponya Shosho

Admin, tafadhali nifichie jina, na hata jina la kliniki usiliweke. Mimi ni dada wa miaka ishirini na nane, naishi Bondeni hapa Nakuru, sijaolewa. Nafanya kazi ya data katika kliniki ya mtu binafsi mjini. Haya ninayoandika sijamwambia hata mama yangu, kwa hivyo mnivumilie.

Kliniki yetu ina siku ya presha, kila Alhamisi. Wengi wanaokuja ni wazee kutoka Subukia, na dawa zao huletwa na wafadhili, wanapewa bure. Mwaka huu wafadhili wakataka faili la wagonjwa wote wa presha, kila mtu na vipimo vyake, liingizwe kwenye programu yao ya kuchambua. Kazi hiyo nikapewa mimi. Mnaojua Excel mtanielewa. Tarehe zilikuwa zimeandikwa kila moja kivyake, mahali pa umri mtu ameandika "mzee" akaenda zake, na presha ya juu na ya chini zimebanwa pamoja wakati programu inataka kila moja ikae safu yake. Nilipanga hayo yote kwa wiki mbili na nilikuwa najivunia.

Shida ikawa vipimo vyenyewe. Kwetu mgonjwa huja na daftari lake, haya ya shule, nesi anamwandikia presha humo, naye anarudi nalo nyumbani. Kwenye rejista ya kliniki mara nyingi nesi anaweka tiki tu kwamba amekuja. Kwa hivyo zaidi ya nusu ya visanduku vyangu vilikuwa vitupu, na programu ikikuta kisanduku kitupu inatema faili lote. Maagizo ya wafadhili yalisema wazi kwamba pasipo na kipimo niandike 999, wao watajua hakipo.

Nikamwendea daktari, ambaye ndiye mwenye kliniki. Nilimkuta amekalia kitanda cha kupimia wagonjwa, anakula mayai ya kuchemsha na kachumbari. Nikamwambia tuweke 999, au tuwaite wagonjwa na madaftari yao ninakili. Akasema 999 nyingi hivyo zitaonyesha hatufanyi kazi.

"Wewe jaza normal," akaniambia. "Na usiweke zote same, watashtuka."

Akaja hadi kwenye kompyuta yangu na sahani mkononi, akaanza kunisomea namba kutoka kichwani mwake. Mia moja ishirini kwa themanini. Mia moja kumi na nane kwa sabini na sita. Kiini cha yai kimemganda kwenye ndevu, pilipili inamtoa kamasi, anaifuta kwa mkono ule ule anaoshikia yai. Mimi nikaandika. Zilipofika kama ishirini nikazinakili, nikazibandika kwenye visanduku vitupu hadi mwisho wa faili. Haikuchukua hata saa moja. Tangu siku hiyo siwezi kula yai, lakini nisiwadanganye, kinyaa kikubwa ni cha vidole vyangu mwenyewe. Nilikuwa nimetafuta kazi miaka miwili baada ya diploma, nikajiambia hizo ni namba tu.

Programu ikalimeza faili ikatoa michoro mizuri. Daktari akaichapisha, akaibandika pale wagonjwa wanapongojea, na kwenye maombi ya asubuhi akamshukuru Mungu kwa uponyaji. Mnafiki mkubwa yule. Nami nikasema amina pamoja na wengine.

Mwezi uliofuata ikaja barua ya pongezi. Wafadhili walisema presha za watu wetu zimetulia sana, kwa hivyo dawa zetu nyingi sasa zitapelekwa kliniki nyingine upande wa Rongai, kwenye wagonjwa wenye hali mbaya zaidi.

Alhamisi iliyopita akaja shosho mmoja, bibi mzee wa Subukia, ninamjua kwa sababu huniletea ndizi. Nesi akamwambia dawa hakuna, wafadhili wamesema watu wa hapa wako sawa. Shosho akaja dirishani kwangu, akafungua daftari lake, lile la mjukuu lenye tebo za hesabu nyuma. Mwezi uliopita alikuwa mia moja themanini na nane kwa mia moja na kumi. Kabla ya hapo, mia moja tisini. Nikatafuta jina lake kwenye faili. Mia moja kumi na nane kwa sabini na sita.

"Kairetu, hebu angalia huko kwa kompyuta," akasema, akiniita msichana kwa Kikuyu, wala hakuwa na hasira. "Mimi nilipona lini?"

Nikamwambia mtandao umepotea, arudi Alhamisi ijayo. Akanishukuru, akaniombea baraka, akatoka ameshika ukuta kwa sababu ya kizunguzungu.

Nilipomweleza daktari, hakuinua hata macho kutoka kwa simu. "Hiyo file iko na jina lako, si langu," akasema. "Ukiongea, unajiongelea."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeficha maradhi ya watu wasiojua hata kwamba yamefichwa. Faili la kwanza, lenye visanduku vitupu, bado ninalo kwenye flash, na anwani ya wafadhili ninayo. Nikilituma, kazi imeenda, na pengine nitashtakiwa kwa sababu jina ni langu. Nikinyamaza, shosho na wenzake watakaa bila dawa, na michoro itaendelea kusema wako sawa.

Msinitukane sana, nimeshajitukana ya kutosha. Niambieni tu mngenishauri nifanye nini kama ningekuwa dada yenu. Alhamisi ni keshokutwa, na shosho atakuja na daftari lake. Nimwambie alipona lini?