Kichwa cha Alizeti Juu ya Meko

Watu wa huku Mnyuzi wakipanda alizeti wanawaza mafuta. Mume wangu alizipanda azitazame. Alikata mkonge kwenye shamba la Ngombezi mpaka mgongo ukamkatalia, na alipoacha kazi akaizungushia nyumba alizeti, ndefu kupita paa. Majirani walimcheka: mzee mzima na maua! Naye akiwajibu, "Mkonge nimeutazama vya kutosha." Jioni tulikaa barazani tukitafuna mbegu zilizokaangwa kwa chumvi, tukibishana bila sababu. Mbishi yule, jamani! Namkumbuka.

Kila mwaka kichwa kikubwa kuliko vyote alikitundika juu ya meko, pamoja na mahindi ya mbegu, moshi ufukuze wadudu. Hakununua mbegu dukani. Alizitunza mwenyewe, mwaka hadi mwaka. Alipofariki kichwa kilikuwa pale kinaning'inia. Nikasema moyoni, nikitoka eda, masika ikifika, nitazipanda mimi. Sikuwa na kingine cha kungojea.

Siku ya arobaini nyumba ilijaa. Mimi niko chumbani na eda yangu, jiko limeshikwa na wanawake. Mgeni njoo, mwenyeji apone, eti! Mara nikasikia harufu ya alizeti zinazokaangwa. Wifi yangu wa Handeni akaingia na sahani.

"Wifi, hujala tangu asubuhi. Tafuna hata hizi, najua mlizipenda."

"Umezitoa wapi?"

"Pale juu ya meko. Mahindi sijayagusa, nimejua ni mbegu. Hili si ua tu?"

Nilitaka kumfokea, Mungu anisamehe, maneno yalishafika mdomoni. Lakini macho yake yalikuwa mekundu. Hakuwa na kaka mwingine. Nikasema, "Ahsante, wifi." Nikatafuna chache, zilizobaki nikazifunga kwenye pindo la khanga.

Eda ilipoisha wageni walishaondoka zamani. Nyumba kimya, hata redio naijibu. Masika ilipoanza nikachukua jembe, nikazifungua zile mbegu za pindoni, nikazipanda kuizunguka nyumba, kila mbegu na shimo lake. Mbegu iliyokaangwa haioti, nalijua hilo tangu utotoni. Mvua ikikatika nachota maji, nakwenda kumwagilia.

Juzi kijana wa jirani alipita, akasimama.

"Shikamoo, mama. Hapo umepanda nini?"

"Marahaba. Alizeti."

"Mbona hazijaota?"

"Bado," nikamwambia, nikaendelea kumwagilia.