Siku Mrusi na Mmarekani Walipokuwa Chui

Mume wangu Lotiir hakuwahi kutafsiri neno lolote jinsi lilivyosemwa, na ndiyo maana kazi yake ilidumu. Alianzia Kakuma, kambi ilipofunguliwa mwaka 1992, akisimama katikati ya Waturkana wenye kuni, wakimbizi wasio na kuni, na wazungu wa misaada wasioelewa vipi mtu apigane kwa ajili ya kuni. Mama wa Kiturkana akifoka, "Mwambie huyu tumbo lake limeipita akili yake," Lotiir anamgeukia mgeni, anainama kidogo: "Anakutakia afya njema." Mgeni anatabasamu. Mama naye anaridhika kwamba ujumbe umefika.

Mimi ni Bilha, Mbukusu wa Kimilili, na nilikuwa na hoteli yangu Lodwar, chapati na maharagwe. Mimi pia nilipatikana kwa uongo huohuo. Aliponipeleka kwao, nje ya Lorugum, mama yake, Atabo, alinikagua juu hadi chini akasema maneno marefu. "Anasema karibu nyumbani," Lotiir akaniambia. Nilipokuja kujifunza Kiturkana ndipo nikajua alisema mwanawe ameokota mwanamke asiyeweza kukamua hata mbuzi. Na kweli siwezi! Lakini nilimpenda sana huyo mama. Tulitukanana vizuri, bila mkalimani.

Kwao walikunywa maji ya kisima kilichochimbwa kwa mikono ndani ya mchanga wa laga, ule mto mkavu wa msimu. Mvua ikikataa, maji yanashuka, na watu wanayafuata hukohuko. Mwaka 1996 mvua ilikataa kabisa. Kisima kikawa kirefu hata wanawake wakawa wanasimama mmoja juu ya mwingine kwenye vidato, wakipokezana karai. Wa chini kabisa alikuwa Atabo, kwa sababu alikuwa mdogo wa umbo na mkaidi kuliko wote. Siku moja ukuta wa mchanga uliporomoka ukamfunika binti wa jirani. Walimtoa amekufa. Kesho yake Atabo akashuka tena, maana kiu haingoji matanga. Tangu hapo Lotiir alikuwa na jambo moja tu kichwani, mama yake atoke kwenye lile shimo kabla halijamla.

Na dawa ilikuwepo! Kisima cha kisasa kilikuwa kimeshatobolewa pale karibu na boma lao na mtambo wa Mrusi. Pampu ilitoka kwa Mmarekani, injini kwa Mfaransa, mabomba na tangi kwa Mchina. Vitu vyote hivyo vililala ghalani Lodwar vikipigwa vumbi. Hakuna aliyekubali kufunga chake mpaka ijulikane bendera ya nani itakaa juu na nani atafungua mfereji mbele ya kamera. Wajumbe wao walikuja kula kwangu kwa zamu, kwa sababu kukaa meza jirani kungekuwa kama kuamkiana. Mfaransa akimwona Mmarekani ndani, anazunguka nje na jua lile la Lodwar mpaka mwenzake amalize. Wote niliwapa chapati zilezile. Wanasema fahali wakipigana ziumiazo ni nyasi. Methali hiyo ilitungwa na watu wenye nyasi. Kwetu aliyeumia ni mama mkwe wangu.

"Nitawapeleka wote kwa wazee, wakakae chini," Lotiir akaniambia.

"Baba Ewoi, umerogwa? Hao hawakai meza moja, leo wakae mchangani?"

"Mezani kila mtu ni mkubwa. Mchangani kuna utaratibu."

Utaratibu wenyewe ni huu. Kila mwanamume wa Kiturkana ni Jiwe au ni Chui. Baba akiwa Jiwe, mwana ni Chui, na mjukuu anarudi kuwa Jiwe. Kwenye karamu kila upande unakaa kwake, na hakuna wa kukubishia, kwani upande wako umeamuliwa na baba yako. Lotiir akawaambia wageni kwamba wazee wanataka kuwapa heshima ya ukoo. Wakubwa wanapenda heshima kuliko nyama. Wakaja wote, kila mmoja na gari lake na bendera yake.

Mzee Lomuria ndiye aliyewapanga. Huyo hakuwa na hekima yoyote ya ajabu, alikuwa mlafi wa mkia wa kondoo aliyetaka mambo yaishe watu wale. "Huyu baba yake nani?" akauliza, akimnyooshea Mmarekani fimbo.

"Mwingereza," Lotiir akajibu. "Lakini alimpiga baba yake akahama."

"Hata ukimpiga, baba ni baba. Mwingereza tulimweka Jiwe alipotutawala, kwa ugumu wa kichwa. Huyu ni Chui. Na huyu?"

"Mfaransa. Rika la Mwingereza. Hawapendani."

"Marika hawapendani popote. Jiwe. Huyu mwekundu?"

"Mrusi. Baba yake alikuwa mkubwa sana, akafa juzi juzi. Watoto wakagawana mifugo, huyu ndiye wa kwanza."

"Pole yake. Yule marehemu tulisikia alikuwa mgumu vilevile. Basi mwana ni Chui."

"Na Mchina alikuwa ndugu mdogo wa marehemu, wakakosana."

"Ndugu akikosana na ndugu habadilishi upande. Jiwe. Kondoo ameiva!"

Ndivyo Mmarekani na Mrusi walivyojikuta bega kwa bega, Chui wawili, wakivutana juu ya paja moja. Lotiir aliwaeleza kwa Kiingereza kwamba chui ni mnyama wa kifalme, na upande wa pili akawaeleza wale wengine kwamba jiwe halishindwi. Kila upande ukaona umependelewa. Nilicheka mpaka leso ikanidondoka.

Kuhusu mfereji, Mzee Lomuria alisema utafunguliwa na Atabo, mchota maji mkongwe kuliko wote. Wajumbe wakatazamana. Lilikuwa jibu la pekee ambalo halikumpa ushindi mpinzani wa yeyote, kwa hiyo wakalikubali palepale. Mafundi wakafunga vyombo kwa muda wa wiki moja, na siku ya kufungua tukarudi sote. Bendera nne zilikuwa zimefungwa kwenye ua wa mbuzi, kimo kimoja. Mbuzi mmoja akaitafuna moja, na sitasema ya nani.

Njiani Lotiir alikuwa amewafundisha wageni kwamba mkongwe akikutemea maji, ni baraka, usipanguse. Wakajipanga mstari, vifua mbele. Injini ikanguruma, maji yakaruka meupe, watu wakapiga vigelegele. Atabo akakinga mkono, akajaza kinywa, akatema. Maji yote yakatua kwenye shati la Mmarekani. Makofi! Akaonja tena, akamtemea Mrusi. Makofi zaidi. Kisha akasema kitu, na vigelegele vya wanawake vikakatika.

"Anasema nini?" Mfaransa akauliza, akingoja zamu yake.

Lotiir akamgeukia, akainama kidogo kama kawaida yake. Nilimwona akitafuta lile neno lake tamu, na nikamwonea uchungu, maana nilikuwa nimesikia vizuri alichosema mama yake. Nikamgusa kiwiko. "Baba Ewoi, leo sema kama lilivyo."

Akasema. "Mama yangu anasema maji haya ni chumvi. Anasema hata mbuzi wake hatayanywa. Anasema mmetoka mbali, mmekula kondoo wetu, na hakuna hata mmoja wenu aliyeonja."

Ilikuwa kweli. Kila mmoja alidhani mwenzake amepima. Basi wakaanza. Mmarekani akasema pampu yake haitoi chumvi, labda mabomba. Mchina akasema mabomba yake yamepita kila kipimo, waulizwe waliotoboa. Mrusi akasema yeye aliombwa shimo, na shimo lipo. Mfaransa akasema injini yake inanguruma vizuri, sikilizeni.

"Wanasema nini?" Mzee Lomuria akauliza.

"Wanaulizana chumvi ni ya nani," Lotiir akajibu.

Hasira zilinipanda hata nikataka kuwamwagia tangi lote. Lakini Atabo alikuwa ameshabeba mtungi wake, anakwenda zake laga. Lotiir akamfuata, nami nikamfuata Lotiir. Nyuma yetu wale bado wanabishana, na injini inapoteza dizeli.

Kisimani wanawake walikuwa tayari wameshajipanga kwenye vidato. Atabo akaweka mguu ukingoni. Lotiir akamshika mkono. "Mama, leo wewe toka."

Akavua tai, akavua shati la ofisini, akanipa mimi. Akashuka akiwapita wanawake mmoja baada ya mwingine, mwili mkubwa ukisugua ukuta, na mchanga ukamdondokea mabegani mpaka nisimwone tena. Nikaanza kuomba kwa Kibukusu.

Nilidhani Atabo atamtukana. Alikaa chini akanishika mkono, akalia. Sikuwa nimemwona akilia, hata siku ya yule binti.

"Nilimtoa kwenye mbuzi nikampeleka shule ili asishuke humu," akasema.

Karai la kwanza likafika juu, nusu tope. Nikalimimina mtungini, nikalirudisha chini kwake.